Majina Aliyoyaruka Katekista

Mwaloni, ufukoni pa wavuvi kwa kina mama yangu, walimwita Katekista, wakubwa kwa wadogo, na mwishoni hata mke wake alimwita hivyo. Nami sitamwita vingine. Jina lake la ubatizo ninalijua, na lile la kwao ninalijua, lakini nikiyaweka hapa nitakuwa ninaandika habari za mtu mwingine. Niliyemjua mimi ni yule aliyekaa kila mwaka katika mtumbwi wa Mtakatifu Petro, mwavuli mkononi, uso umepauka kwa hofu ya maji, akiwaita watu waliozama.

Kuitwa kwenyewe kulikuwa hivi. Sikukuu ya Petro huja mwishoni mwa Juni, mvua kubwa zikiwa zimekwisha. Siku hiyo hakuna wavu unaoingia majini. Nyavu hufuliwa tangu jana yake na kutandazwa kwenye majani mbele ya kanisa, na Padri, ambaye hufika kwa pikipiki kutoka misheni akiwa na vumbi jekundu hadi ndevuni, huzinyunyizia maji ya baraka. Baada ya Misa sanamu ya Petro hubebwa hadi ufukoni, hupandishwa katika mtumbwi uliopambwa kwa mafunjo, na mitumbwi mingine yote huufuata hadi pale maji mekundu ya mto Sio yanapokutana na maji ya ziwa. Hapo makasia huinuliwa. Ngoma hunyamaza. Katekista huita jina la mtu aliyechukuliwa na ziwa, na mmoja wa jamaa zake, popote alipo katika mitumbwi ile, hujibu: "Yuko nyumbani." Maana yake, ziwa lilimrudisha, tukamzika uani kwetu, halali nje. Kisha huitwa jina jingine.

Ziwa halirudishi kila mtu. Kwa wale lisiowarudisha, Wasamia wa ufuko ule wana desturi yao: hukata mgomba wenye urefu wa marehemu, huuvika shuka, huuzika kwa heshima zote, na hapo ndipo wanawake hulia. Kabla ya hapo mama hamlilii mwanawe, na mlango wa nyumba hautiwi komeo, kwa kuwa aliye njiani hafungiwi. Mgomba ukishazikwa, mtu amefika.

Katekista aliikataa desturi hiyo. "Mgomba si mtu," alisema, "na kanisa halitasema uongo juu ya maji, mbele ya Petro. Petro uongo wake mwenyewe ulimtosha." Hakumwita mtu ambaye ziwa halikumrudisha, hata awe amezikiwa mgomba. Alifika mahali pa jina lake, akaliruka. Hakuna padri aliyemwagiza kufanya hivyo. Ilikuwa sheria yake, na kwa kuwa Padri alifika kwetu mara chache katika mwaka, sheria ya Katekista ndiyo iliyokuwa sheria ya kanisa.

Ndipo ziwa likamchukua Wandera, mwanawe wa kwanza, na halikumrudisha.

Katekista mwenyewe hakuwa mtu wa ziwa. Alitoka bara, upande wa Mwello, kwenye nchi ya nafaka ya wimbi na mihogo, akaletwa na misheni kufundisha dini, akaoa Msamia, akabaki. Lakini mwili wake haukuyakubali maji kamwe. Samaki hakula. Siku ya sikukuu, sahani za ngege zilipopita mbele yake, aligeuza uso pembeni kama mtu aliyeona jambo la aibu, akavuta bakuli lake la maharage. Kuogelea hakujua. Kabla ya kupanda mtumbwi alivua viatu, akavipanga ufukoni pua zikitazama kanisani, akafanya ishara ya msalaba, kisha akapanda kwa mikono na magoti. Wavuvi walicheka waziwazi. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Alishika ukingo kwa mkono mmoja mpaka tulipofika, na alipoanza kuita aliuachia.

Siku moja nilimuuliza kwa nini asimwachie mwingine kazi ile. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari huko Tororo, na nilidhani hofu ni kitu ambacho mtu mwenye akili hukikwepa. Aliniita "mwana wa Nagongera", kwa sababu baba yangu ni mkulima wa huko, na nadhani alifurahi kuwa na mtu mwingine wa nchi kavu karibu naye.

"Mwana wa Nagongera," akasema, "mtu asiyeogopa hii maji ataita majina kama anaita kuku."

Alifundisha kwa Kiswahili, maana darasani mwake walikaa Wasamia, Wajaluo, Wapadhola na Wateso, na kila mmoja aliona lugha ya mwenzake ni ya kuchekesha. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mpakani, kimekatwa hapa na pale. Lakini alipokuwa akiita majina kila neno lilitoka zima. Sauti yake ilikuwa nzito, haina pambo, na upepo ukiwa mzuri watu wa upande wa Kenya waliisikia wakiwa mashambani mwao, wakasimamisha majembe.

Majina hayo hakuyaandika popote. Alisema karatasi hunyonya unyevu na jina likilowa huzama tena. Aliyaweka shambani. Nilimkuta mara moja akipalilia mihogo, akisema kitu chini ya pumzi, tuta baada ya tuta. Nikasimama nyuma ya ua wa minyaa. Kila tuta lilikuwa na mtu wake. Niliwajua baadhi: mjomba wa mama, ndugu wawili waliozama katika mtumbwi mmoja, mzee wa ngoma. Kisha nikasikia, "Egesa." Nikadhani nimesikia vibaya. Egesa alikuwa amezikiwa mgomba. Katika mtumbwi jina lake halikuwahi kutoka kinywani mwa Katekista, na hapa alikuwa na tuta lake, lililopaliliwa safi kama mengine.

Niliondoka bila kumsalimia. Njia nzima nilijiuliza: mtu anayeyakataa majina, kwa nini ayatunze? Je, aliyatunza ili ahakikishe anajua ya kuruka? Au kuna kuita kwa mbele ya watu na kuita kwa mbele ya mihogo, na huko kwa pili ndiko alikokuamini? Mama aliponiona nimenyamaza aliniuliza kama ninaumwa. Nilisema kichwa. Haukuwa uongo sana.

Alikuwa na mwavuli mweusi ambao hakuufungua kwa ajili yake hata siku moja. Mvua ilimnyeshea akiwa ameushika kwapani. Ulikuwa wa Petro. Sanamu ilipotoka kanisani, jua liwe kali au mawingu yawe yametanda, ndipo Katekista alipoufungua na kuinua mkono, na hivyo ndivyo alivyotembea hadi ufukoni, Petro kivulini, yeye juani.

Sanamu yenyewe ilikuwa ya plasta, imeletwa na mapadri wa kwanza. Mwaka mmoja wabebaji waliteleza kwenye matope na mkono wenye ufunguo ukavunjika. Padri alisema ataagiza mwingine kutoka Ulaya. Katekista hakungoja. Alikwenda Tororo, akarudi na saruji kidogo ndani ya kopo la maziwa, akaufinyanga mkono upya. Ulitoka mnene kuliko mguu, na ufunguo ukafanana na jembe. Vijana walisema Petro sasa ni bondia. Padri alipouona alifunga macho kwa muda. Lakini wavuvi waliupenda. Walisema mkono ule wa kwanza ulikuwa wa mtu asiyewahi kuvuta wavu.

Kuna mwaka askari wa ng'ambo, upande wa Kenya, walitungoja kwenye mdomo wa mto. Wakati ule serikali zilikuwa zimeanza kujali nani anavuka na nani havuki. Askari mmoja kijana, kofia imemzidi kichwa, aliinua mkono na kuuliza kiongozi wa msafara huu ni nani, na nani amempa ruhusa ya kufika upande huu. Katekista, mkono kwenye ukingo wa mtumbwi, alielekeza kidevu kwa sanamu.

"Muulize huyu mwenye funguo. Mimi nabeba mwavuli tu."

Askari alimtazama Petro, akautazama mkono ule wa saruji. Mitumbwi yote ilisubiri kuona kama serikali itamkamata mtakatifu. Mwisho akavua kofia na kutupisha. Wanasema baadaye aliomba kubatizwa. Sijui kama ni kweli. Katekista alipoulizwa alijibu, "Kama alibatizwa, hakubatizwa na mimi. Mimi nabatiza mtu ambaye amejua sala ya Baba Yetu."

Lazima sasa nimtaje Ajiambo, maana bila yeye picha hii ina nusu tu. Ajiambo alikausha samaki kwa moshi na kuwapeleka soko la Busia kwa kichwa, na alikuwa mjane wa yule Egesa. Dhoruba ilipomchukua mumewe, alingoja, akachoka, akakata mgomba, akauzika. Katekista alikwenda kumwonya. Ajiambo alimkaribisha, akampa uji, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia, "Baba, umemaliza? Basi nipishe, nina kaburi la kupalilia."

Hakuacha kanisa. Wengi walidhani ataacha. Kila sikukuu alipanda mtumbwi wa Petro wenyewe, akakaa mbele ya Katekista, magoti yao yakikaribia kugusana, na Katekista alipoanza kuita alimtazama kinywani. Katekista alifika mahali pa jina la Egesa, akaliruka. Ajiambo hakusema neno majini. Maneno yake aliyatoa ufukoni, Katekista akiwa bado kwa mikono na magoti.

"Shikeni huyu mtu ya Mungu vizuri!" aliwapigia kelele wapiga kasia. "Akianguka tutamzikia mgomba, na hapo nani atamwita?"

Watu walicheka mpaka mtumbwi ukayumba. Nami nilicheka. Katekista alirekebisha mwavuli, akakaa.

Wandera alikuwa kila kitu ambacho baba yake hakuwa. Aliogelea kama fisimaji, alikula samaki na vichwa vyao, na alimtania baba yake mbele za watu, jambo ambalo hakuna mtu mwingine alilithubutu. "Baba, leo maji yanakuulizia," alisema asubuhi za sikukuu, na Katekista, ambaye hatukujua kama ana meno, alitabasamu. Alimkataza kuvua, kisha akamnunulia nyuzi za wavu. Alimwambia ziwa ni mdomo usio na mlango, kisha jioni akasimama kilimani kuhesabu matanga mpaka aone la mwanawe. Hayo yote kwa mtu mmoja. Sikuwahi kuyapatanisha, na nimejaribu.

Upepo uliomchukua haukuwa mkubwa hata kidogo. Wengine wote walirudi. Mtumbwi wake ulikutwa kwenye mafunjo, umepinduka, wavu bado umefungwa. Katekista alitembea ufuko wote kwa miguu, upande wetu hadi ng'ambo, akiuliza kila mwalo, mwavuli kwapani. Alirudi miguu imevimba. Alikwenda moja kwa moja kanisani kupiga kengele ya sala ya jioni, na aliipiga kwa wakati wake.

Sikukuu iliyofuata kila mtu alikuja, hata wasiokuja siku zote. Tulitaka kuona, ingawa kila mmoja wetu angekataa kusema hivyo. Ufukoni Ajiambo hakutania. Alimshika Katekista kiwiko, akampandisha mtumbwini kama anavyopandishwa mgonjwa. Kule majini majina yakaenda, majibu yakarudi. Majina yalifuata miaka, kwa hiyo tulijua la Wandera lingekuwa la mwisho. Katekista aliita lile lililolitangulia, akajibiwa, akafunga kinywa. Tukangoja. Alichukua mwavuli uliokuwa juu ya Petro, akaukunja. Ndivyo tulivyojua kwamba amemruka mwanawe kama alivyowaruka wana wa wengine.

Watu walimsifu. Walisema hakujipendelea, sheria yake imemuuma mwenyewe naye hakuigeuza. Mama yangu tu ndiye hakumsifu. Alikuwa rafiki wa mke wa Katekista tangu utoto wao. "Sifa hizo," alisema, "wampelekee yule mwanamke ale."

Mke wa Katekista alikuwa mwembamba, mpole, mwenye kusema maneno mwishoni mwa mazungumzo, wengine wakiwa wameshainuka. Tangu Wandera alipopotea, kila jioni alitandika mkeka wa mwanawe na kumfunikia chakula, na mlango haukutiwa komeo. Miaka ikapita. Mbuzi waliingia. Mara moja mlevi kutoka mwaloni aliingia akalala kwenye mkeka ule, na mama wa Wandera alipoamka alfajiri na kuona umbo la mtu alikimbia kumfunua uso. Mama yangu alinisimulia hilo na hakulimalizia.

Niliwatembelea likizo moja nilipokuwa chuoni Kampala. Nilikuwa nimesoma vya kutosha kudhani kila jambo lina hoja, na hoja nzuri haikosi kumfikia mtu. Nilimwambia Katekista kwamba hata kanisa huwaombea wafu wasio na makaburi, na kwamba mgomba ni ishara tu, kama sanamu ya Petro ilivyo ishara. Mkono wa saruji, nikasema, nao si mkono wa mtu.

Alinisikiliza akichonga mpini wa jembe. Kisha akasema polepole, "Umesema vizuri. Lakini nikizika mgomba, nimesema Wandera amekufa. Mimi bado sijasema."

Siku zote nilidhani aliishikilia sheria ile kwa ajili ya Mungu. Kumbe tangu Wandera apotee ilikuwa imegeuka kibanda, naye amejificha ndani yake na tumaini lake, na wajane wote wamebaki nje kwenye mvua.

Niliaga. Nilikuwa nimeshafika uani mke wake aliposema, akiwa amenipa mgongo, anapepeta wimbi, "Wewe msomi. Umemuuliza mengi. Ulimuuliza mimi nitalia lini?"

Swali hilo lilikaa nami Kampala. Nililisikia katika maktaba, nililisikia wakati wa mtihani. Nilitunga majibu mengi, na yote yalikuwa ya kumfaa mtu asiye yule mama.

Mwaka huu nimemaliza masomo. Ninangoja kuitwa kazini, na watu wa nyumbani huniangalia kama mtu anayejua uhuru utakuja lini na utafanana na nini, nami sijui hata nitafanya nini Jumatatu. Sikukuu ilipokaribia nilitangulia mwaloni peke yangu. Nilikwenda kumsalimia Katekista siku mbili kabla, na nikamkuta kwenye migomba nyuma ya nyumba, panga mkononi.

Alikuwa amezeeka ghafla. Mwavuli haukuwa kwapani. Alikwenda kwenye mgomba mmoja, akaupima kwa kifua chake, akatikisa kichwa, akaenda kwenye mwingine.

"Wandera alinifika hapa," alisema, akagusa juu ya sikio lake, kana kwamba tulikuwa tumeanza kuzungumza zamani. "Lakini alikuwa bado anakua."

Nilielewa. Yeye aliendelea.

"Juzi nilimwita mke wangu kwa jina la mtoto kama siku zote: Mama Wandera. Akaitika, 'Naam, Katekista.' Nikamwambia, mbona unaniita kama watu wa nje? Mimi si Baba Wandera? Akaniambia, 'Baba Wandera alizama na mwanawe. Mimi nimebaki na Katekista.'"

Aliukata mgomba kwa mapigo machache. Ulianguka bila kelele, kama vinavyoanguka vitu vyenye maji mengi ndani. Mkewe alitoka na shuka nyeupe na shati la buluu lililokunjwa vizuri. Ndugu zake wanawake walikuwa wameshafika, wamekaa kimya ukutani. Kaburi lilikuwa limechimbwa karibu na mlango. Katekista aliuvika mgomba shati, akafunga kila kifungo, vidole vyake vinene vikihangaika, akaufunika shuka. Kisha akainama upande mmoja na kunitazama.

"Mshike vizuri," akaniambia. "Hiyo ni miguu."

Nilishika miguu. Ilikuwa baridi na mizito. Sikufikiri kitu chochote, na kwa mtu kama mimi hilo ni jambo la kuandika. Tulimshusha. Udongo wa kwanza ulipotua juu ya shuka, yule mama mpole alifungua kinywa, na kilio kilichotoka kilikuwa cha miaka yote ile kwa pamoja. Mwaloni watu waliacha kazi. Nilimwona Katekista amesimama mikono wazi, hajui aiweke wapi, na mkewe akaja akakiegemeza kichwa chake kifuani mwa mumewe, akaendelea kulia hapo hapo.

Siku ya sikukuu habari ilikuwa imeshaenea kila mahali. Wapo waliosema amepotoka. Wapo waliosema ilikuwa wakati. Ajiambo alipanda mtumbwi wa Petro kama kawaida, akakaa mahali pake, magoti kwa magoti. Mimi nilikuwa mmoja wa wapiga kasia. Katekista alifungua mwavuli juu ya Petro, akaachia ukingo wa mtumbwi, akaanza.

Aliita kwa mfuatano wa miaka, na alipofika mahali pa kwanza pa kuruka hakuruka. Aliita. Lilikuwa jina la mtu wa zamani ambalo vijana hatukulijua, kisha kutoka mtumbwi wa nyuma kabisa sauti ya kizee ikatetemeka: "Yuko nyumbani." Baada ya hapo akawaita mmoja mmoja, wote, kama walivyokaa kwenye matuta ya mihogo. Watu walijibu wakiwa wamefunika nyuso.

"Egesa," aliita.

Ajiambo alikuwa anamtazama kinywani. Hakujibu.

Katekista alingoja. Maji yaligonga ubao. Akaita tena, kwa sauti kubwa zaidi, "Egesa!"

"Mwite tena," Ajiambo akasema.

Akamwita.

"Tena. Mwaka ule wa nzige ulimruka. Mwite."

Akamwita. Ajiambo aliendelea kumtajia: mwaka Padri alipougua, mwaka wa mafuriko, mwaka wa yule askari mwenye kofia. Kwa kila mwaka Katekista aliita, na kwa kila mwito sauti ile nzito ilipungua, ikakwaruza, ikapasuka. Mpiga kasia mmoja alinong'ona, "Mama, yatosha, ni mzee huyu." Ajiambo hakumgeukia. Katekista naye alimzuia yule mtu kwa mkono. Mwito wa mwisho ulikuwa pumzi tu, jina lisilo na sauti, lakini sisi tuliokuwa karibu tuliliona midomoni.

Ajiambo akainamisha kichwa. "Yuko nyumbani," akasema.

Palikuwa pamebaki jina moja. Katekista alijaza kifua, akafungua kinywa, na hapakutoka kitu. Akajaribu tena. Niliona mishipa ya shingo yake imesimama. Alitazama huku na huku juu ya maji, na kwa mara ya kwanza nilimwona ameshika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili, mwavuli umeanguka miguuni pa Petro.

Ndipo Ajiambo akasimama. Mtumbwi uliyumba, naye hakujali, alikuwa mtu wa maji. Aliokota mwavuli, akauinua juu ya mkono ule mnene wa saruji, akageukia ziwa, na kwa sauti ya kuitia wateja sokoni Busia, sauti inayovuka barabara na mpaka, akaita:

"Wandera!"

Mitumbwi yote ilingoja. Huko ufukoni, kando ya viatu viwili vilivyotazama kanisani, palionekana mwanamke mwembamba amesimama.

"Yuko nyumbani," alisema Baba Wandera.